Kibangwa cha Bibi

Natumaini hamtanicheka. Nataka kuwasimulia kosa nililolitenda mwaka huu, maana limenifunza jambo ambalo sikulipata darasani.

Kwetu ni Isikizya, Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora. Likizo ya Juni ilipokaribia kwisha nilimwomba bibi mapambo ya kale, kwa kuwa shuleni tulikuwa tukijitayarisha kwa siku ya ngoma, na sisi Wanyamwezi tulitakiwa tuvae kama babu zetu. Bibi alinipa ushanga mwekundu na pete za waya mwembamba za kuvaa miguuni. Lakini katika kibweta chake mlikuwamo kitu kingine, nacho ni kibangwa: kipande cheupe cha duara, kilichokatwa katika kombe la konokono wa baharini. Nilipokiomba, alifunga kibweta akasema, "Hicho si cha kuchezea ngoma, mjukuu wangu." Usiku ule nikakichukua.

Siku ya ngoma nilijifunga nyuzi za mkonge kiunoni, nikachomeka manyoya ya kuku kichwani, nikaning'iniza kibangwa kifuani. Nilicheza kwa nguvu, na watu wakapiga makofi. Nilipokwenda kulala niliona ukingo wa kibangwa umemeguka, kadiri ya ukucha. Sikupata usingizi.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda nyumbani. Nilipiga magoti, nikamwamkia bibi, "Mwangaluka," nikamtilia kibangwa mkononi na kumweleza yote. Alikitazama kimya kwa muda mrefu. Hakunipiga wala hakunitukana, heri angenipiga. Kisha akauliza, "Ni nani aliyekuambia kwamba tulivaa mkonge na manyoya ya kuku?" Sikuwa na jibu.

Ndipo aliponieleza. Hapo kale watu wetu walivaa ngozi na nguo za magome ya miti, na wengine walifuma nguo nzito za pamba. Misafara ilipozidi, wakavaa merikani na kaniki. Kibangwa kilikuwa alama ya utemi. Hiki cha kwetu alipewa babu yake bibi, aliyekuwa mzee katika baraza la mtemi, naye alikivaa siku za shauri kubwa au za kuwakumbuka wazee waliokufa. Vyeo vya watemi vilifutwa mwaka 1963, bali kibangwa kilibaki kibwetani.

Niliporudi shuleni nilitafuta habari zaidi vitabuni. Merikani ilipata jina lake kwa kuwa ilifumwa Marekani, ikaletwa Unguja kwa merikebu za Salem, hata vita vya wao kwa wao vya 1861 hadi 1865 vikaipunguza. Shanga nyingi nyekundu za biashara zilitoka Venice, na kombe lilitoka Bahari ya Hindi. Vyote vilifika Tabora mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, asifike Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, hata Novemba. Fikirini basi mtu aliyetembea hivyo, mzigo begani, miezi kwa miezi! Na mkonge wangu je? Uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Nilichokiona cha kale kuliko vyote kilikuwa kigeni kuliko merikani.

Basi nimetambua kwamba pambo haliwi letu kwa sababu limeota kwetu, wala kwa sababu linatufanya tuonekane watu wa porini. Huwa letu kwa sababu watu wetu walilitaabikia, wakaliwekea mwenyewe wake na siku yake. Mimi nilikivaa kibangwa bila kukijua, nikakifanya mchezo. Wahenga husema majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu nilikuwa mimi.

Kabla sijaondoka, bibi alikifunga kibangwa katika kitambaa, akakirudisha kibwetani. Nilidhani hataniamini tena. Lakini aliniambia, "Nikifa, wewe ndiwe utakayekitunza. Wengine watakiona kizima. Wewe unajua kilipomegeka."

Tangu siku hiyo sijakigusa. Nangoja.