Kwaya ya Kambini Katika Kanisa la Mkunazini

Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, mjini Unguja, limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Wanakwaya wetu, ambao wengi ni wake na watoto wa askari, walikwisha kuyasoma hayo kabla ya kuondoka Uganda. Lakini kusoma si kuona, na kuona nako si kutakiwa kuimba mahali hapo.

Asubuhi ilipita kwa furaha. Tulitembea Forodhani, tukaiona Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, tulilitazama kwa mbali. Sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba 2020. Sokoni Darajani Kiswahili chetu cha kambini kiliwachekesha sana wauza matunda, ila hawakutupunguzia bei.

Kiswahili hicho kina safari yake, nayo haitenganishwi na Mkunazini. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika mbele ya Kabaka Suuna. Misafara iliyomfuata ilileta nguo, bunduki, dini ya Kiislamu na lugha ya pwani, nayo ikaondoka na pembe za ndovu, na watu pia. Baadaye lugha ikaingia jeshini na polisi, na kwa miaka mingi raia wengi waliiogopa kama lugha ya mwenye bunduki. Ilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, Katiba iliporekebishwa. Mtoto wa kambini hahitaji kuelezwa maana ya kuzungumza lugha ambayo jirani haipendi.

Soko lilifungwa Juni 1873, baada ya Barghash kutia sahihi mkataba huku Waingereza wakitishia kuizingira Unguja kwa manowari. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 na kuwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kazi ya kupiga chapa. Amezikwa nyuma ya madhabahu. Ndani upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, nchini Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa, na zipo nguzo ambazo, kwa masimulizi ya wenyeji, mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu alipokuwa safarini. Mbele ya madhabahu sakafuni pana duara la marumaru: hapo, yasemekana, ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa.

Mwalimu wetu alikuwa amepanga tuanze na wimbo wa ngoma na vigelegele. Mama mmoja wa sauti ya pili, mjane wa askari, alipoliona duara lile alirudi nyuma. "Mwalimu," alisema, "ngoma tuiache nje." Vijana wa besi hawakukubali, walisema kwamba hapa hasa ndipo ngoma ilipostahili kulia, kwa kuwa kamba zimekatika. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na mimi mpaka leo naona mama alikuwa na haki zaidi. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaiweka ngoma mlangoni.

Tuliimba wimbo wa pole pole, bila kinanda, kwa sauti nne. Dari la kanisa lile huishika sauti na kuirudisha ikiwa nzito kuliko ilivyotoka, hata ikatubidi kungoja mwisho wa kila mstari. Mjane hakulikanyaga duara. Aliimba akiwa kando yake. Wageni kadhaa waliokuwa wakipiga picha walishusha kamera zao.

Nje, kwenye shimo lenye sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, hakuna aliyeimba. Mzee mmoja wa pale alituuliza Kiswahili tumejifunzia wapi.

"Kambini, Mzee," akajibu kijana wa besi aliyekuwa amebeba ngoma.

"Basi ipigeni kidogo," akasema mzee, "lakini mkifika barabarani."