Kwa Nini Naomba Kusomea Sheria Uzeeni



Baada ya kumshukuru Allah na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii nawaeleza jambo linalonihusu mwenyewe. Nimeandika barua ya kuomba nafasi katika Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichoko Karen, Nairobi, nisomee stashahada ya wasaidizi wa sheria. Umri wangu umepita miaka hamsini, na wanafunzi wangu wa kwanza wa madrasa sasa waniletea watoto wao.

Barua ya kwanza nilimsomea binti yangu. Nilikuwa nimeijaza fadhila za elimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Baba, hayo ungeweza kuyaandika ukiomba chuo chochote. Hukusema kwa nini hiki." Nikanyamaza. Sababu niliijua, ila niliionea haya.

Mwaka 2009 mvuvi mmoja kijijini petu alifariki. Wazazi wake walikuwa wamekwisha tangulia. Aliacha mke, mabinti wawili, ndugu yake wa baba na mama, na shamba la minazi. Madeni yalipokwisha kulipwa, niliitwa niwagawie. Nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa ujanani: mafungu 24. Mabinti thuluthi mbili, yaani 16, kila mmoja 8. Mke thumuni, yaani 3. Ndugu akapata 5 yaliyosalia. Nikaandika katika karatasi ya daftari, mashahidi wakatia sahihi, tukasoma Fatiha, nikarudi nyumbani na raha ya mtu aliyetimiza amana.

Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini hatimiliki ya shamba ilibaki kwa jina la marehemu, wala sikumwambia mtu kwamba yapasa kwenda mahakamani kuomba hati ya usimamizi wa mirathi. Sikuwaambia kwa kuwa nami sikujua.

Miaka minane baadaye barabara ilipita karibu, bei ya ardhi ikapanda. Yule ndugu akaenda mahakamani peke yake, akajitaja kuwa ndiye mrithi pekee. Tangazo likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 30 za kuweka pingamizi zikapita. Mjane hakuwa na habari, na mimi gazeti hilo sikuwahi kulifungua. Shamba likauzwa.

Alinijia baada ya Alasiri, karatasi yangu ameifunga katika pindo la leso. "Maalim, huu si mwandiko wako? Mbona hawautambui?" Sikuwa na jibu. Baadaye wakili alitueleza kwamba hati iliyopatikana kwa kuficha ukweli yaweza kufutwa na mahakama. Lakini mnunuzi alikwisha jenga, na mama yule hakuwa na nguvu wala fedha za kesi. Leo anaishi na binti yake katika chumba cha kupanga. Kila tukikutana hunisalimia kwa uzuri, na salamu ile hunichoma kuliko lawama.

Kuna atakayeniuliza: je, sheria ya Allah haitoshi? Inatosha. Upungufu ulikuwa wangu mimi, niliyegawa haki za watu kisha nikaziacha bila ulinzi. Sheria ya Urithi ya nchi hii yatuachia Waislamu tugawe mali kwa mujibu wa dini yetu, na Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 yaitambua Mahakama ya Kadhi katika ndoa, talaka na mirathi. Lakini usimamizi wa mali ya marehemu una taratibu zake, na asiyezifuata hubaki na karatasi ya daftari. Tena aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Nimeisomesha miaka yote, nisijiulize maandishi yangu yatamlinda nani.

Sitafuti uwakili, kwani msaidizi wa sheria hasimami kortini kama wakili. Nataka kujua fomu ni ipi, mlango ni upi, na muda ni siku ngapi, ili mjane mwingine asije akaniuliza swali lile.

Barua niliiandika upya, nikamweleza mama yule bila kumtaja jina. Binti yangu akaisoma, akasema, "Sasa ipeleke."

Nikubaliwe au nisikubaliwe, nawausia: aliyefiwa asitosheke na karatasi ya sheikh, hata ikiwa yangu. Achukue cheti cha kifo na hatimiliki, aende Mahakama ya Kadhi iliyo karibu naye, na wanawake wa nyumba hiyo watajwe wote. Nami niombeeni dua, na mumwombee zaidi mama yule.

Wabillahi tawfiq.