Kauntabuku ya Sista

Hii stori nimekaa nayo muda juu nilikuwa naona aibu. Mwaka juzi nilimsindikiza mama kliniki ya sukari, nikatoka huko na shida yangu mwenyewe.

Mama huuza chapati. Kona yake iko karibu na stegi huku Eastlands na wateja wote wanamuita Mama Chapo, hata wazee wenye umri wa kumzaa. Kliniki yake ilikuwa Jumanne. Unafika saa kumi na mbili asubuhi kuweka kitabu kwa foleni, unaonwa saa tano, unaongea na daktari dakika nne (nilipima na simu, mnanijua), unaambiwa "mama, punguza wanga, punguza uzito, fanya mazoezi," unapewa metifomini kama ipo, tuonane mwezi ujao. Hiyo Jumanne chapati haziuzwi, na unga ulishanunuliwa.

Siku hiyo muuguzi aliyekuwa akipima watu, sisi tunamuita tu Sista, alimaliza na mama halafu akaniangalia. "Na wewe, msichana wangu, panda pia." Nikacheka, nikapanda. Kilo 107. Nilikuwa na miaka 23. Sikuwa nimeweka kitu mdomoni tangu usiku, kwa hivyo akanidunga kidole palepale: 6.4. Akaniambia bado si kisukari, lakini kimeshaanza kubisha hodi.

Sasa, kwetu ushago mtu akikuambia "umenona" amekusifu, maana yake Nairobi imekukubali. Huku mtandaoni wengine wenu mnaniita kiboko, mimi nacheka na nyinyi, tunasonga. Lakini kati ya hao wanaosifu na hao wanaotusi, hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza nakula saa ngapi, nalala saa ngapi, ama kwa nini. Na siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100, wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliozidi ama wamenenepa kupindukia. Utafiti mwingine wa kitaifa, wa 2015, ulikuta asilimia 88 ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Mimi nilipimwa juu nilikuwa nimembebea mama mkoba.

Rudi kwa Sista. Huyu mama alikuwa ameona kitu: wagonjwa wake wengi wanakosa Jumanne juu Jumanne ni kazi. Kwa hivyo akaanza kitu chake. Alhamisi saa kumi na moja jioni, wagonjwa wa nje wakishaisha, mnakaa kwenye zile benchi za akina mama wa chanjo. Tulianza watu kumi na wawili. Mama mboga, konda, soja wa usiku anayepitia akienda kazi, fundi viatu. Kila mtu anatoa hamsini ya stripi. Unapimwa sukari, presha, uzito, halafu unasema ulikula nini wiki hiyo, na uongo unajulikana haraka sana juu jirani yako yuko hapo.

Siku ya kwanza Sista alimwambia mama, "Mama Chapo, siwezi kukuambia uache chapati. Karo inatoka huko. Niambie tu, ukipika, unaonja ngapi?" Mama akaanza kuhesabu. Ile ya kwanza ya kupima chumvi. Ile iliyoungua. Ile iliyoraruka ambayo haiwezi kuuzwa. Akafika nne, kabla ya saa tatu asubuhi, kabla hajala kitu ambacho yeye mwenyewe anakiita chakula. Mama alikuwa na kisukari miaka sita. Miaka sita ya "punguza wanga" na hakuna aliyekuwa ameuliza hilo swali. Tulikubaliana zilizoraruka niwe nazibeba nimpelekee soja wa ploti. (Soja naye akajiunga na kikundi baada ya miezi miwili. Hiyo nitaijibu mbinguni.)

Halafu fundi viatu akasema, kama tunakutana kila wiki, si tufanye chama? Mia mia, kila Alhamisi mmoja anabeba. Manze, hapo ndipo watu waliacha kukosa. Tulifika thelathini na mmoja.

Sista aliandika kila kitu kwa kauntabuku nyeusi: tarehe, sukari, presha, kilo, nani hakuja na kwa nini. Baada ya miezi minane kipimo cha mama cha HbA1c, kile cha kuonyesha sukari ya miezi kama mitatu iliyopita, kilikuwa kimetoka 10.1 hadi 7.6. Mimi nilikuwa nimeshuka kilo tisa.

Halafu Sista akapewa uhamisho. Barua ilikuja Ijumaa. Kikundi kiliendelea wiki tatu, kikafa. Muuguzi aliyeletwa si mbaya, msimtukane, ana foleni yake ya watu mia. Nilienda kuuliza kuhusu kauntabuku. Ipo. Kurasa zilizobaki zinaandikwa namba za foleni ya chanjo.

Hapa ndipo nataka tuongee. Nikiulizwa kama kile kikundi kilifanya kazi, jibu la ukweli ni kwamba sijui, na Sista pia hajui. Mwezi wa tatu daktari aliongezea mama dawa, kwa hivyo labda ni dawa. Labda waliobaki kwa kikundi ni wale ambao wangejitahidi hata bila kikundi, na wale waliotoroka sukari yao ilipanda na hatukuiona. Labda ilikuwa chama. Labda ni Sista tu, vile anaongea na watu, na hiyo huwezi kuifungia kwa karatasi ukaipeleka kliniki nyingine. Kujua kunataka mtu akae chini apange: watu sitini, nusu waende Jumanne kama kawaida, nusu waje Alhamisi, wapimwe wote mwanzo na mwisho, na waliopotea watafutwe. Hiyo inaitwa utafiti wa majaribio. Hauthibitishi dawa ya dunia. Unakuambia kama watu watakuja, kama muuguzi anaweza kuibeba bila kuvunjika mgongo, inagharimu pesa ngapi, na kama inafaa kujaribiwa kwa watu wengi zaidi.

Na vitu vikubwa huanzia hapo. Mwaka 2011 profesa Roy Taylor na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walichapisha utafiti wa watu 11. Kumi na mmoja, hata matatu haijai. Walikuwa na kisukari cha aina ya pili, wakapewa chakula cha kalori 600 kwa siku kwa wiki nane, na sukari yao ikarudi kawaida. Watu wangeweza kucheka. Badala yake shirika la Diabetes UK likatoa pesa ya kuijaribu kwenye kliniki za kawaida za mtaani, 49 kwa jumla, huko Uskoti na Tyneside, kwa watu 306. Kliniki za kawaida, sio hospitali kubwa yenye maprofesa koridoni. Matokeo yalitoka 2017: kati ya waliopewa ule mpango, asilimia 46 hawakuwa na kisukari tena baada ya mwaka mmoja, bila dawa za sukari. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 4. Baada ya miaka miwili ile 46 ilishuka ikawa 36, kwa hivyo sio muujiza, lakini wueh. Mwaka 2020 NHS ikaanza kuijaribu kwa maelfu ya wagonjwa. (Tafadhali usijaribu hiyo peke yako kwa bedsitter, hasa kama uko kwa dawa ama insulini. Wale walikuwa wanaangaliwa.)

Lakini hatuwezi kubeba hiyo tu tuilete Eastlands. Wale watu karibu wote walikuwa Wazungu, walikunywa supu na maziwa ya pakiti ya kupimwa kwa miezi, na kliniki yao inajua jina lao. Mama yangu akinywa supu ya pakiti huku anasukuma chapati mia mbili? Nani anainunua? Swali letu ni letu: ni kitu gani kinafanya kazi kwa mtu anayelipwa kwa siku, anayekula kibandani, ambaye kliniki ikimchelewesha amekosa karo.

Na mtu asiniambie Wakenya hatuwezi kulijibu. AMPATH, ule ushirikiano wa Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya huko na vyuo vya nje, walifanya kitu kinaitwa BIGPIC huko magharibi mwa Kenya. Walianza na jaribio dogo, kisha likafuata kubwa la watu karibu 2,900, wenye kisukari ama presha. Wengine walipata huduma ya kawaida, wengine vikundi vya akiba na mikopo, wengine matibabu ya kikundi, wengine vyote viwili pamoja. Yaani chama na kliniki kwa benchi moja! Niliposoma nilimpigia Sista simu nikipiga kelele. Matokeo yalichapishwa 2021: kwa wastani presha ilishuka pande zote, na ilishuka zaidi kidogo kwa waliokutana kwa vikundi. Kidogo, naam. Ndio maana mtu anapima badala ya kukisia. Mimi kwa kelele zangu ningewaambia ni kubwa.

Sasa uliza nani alilipa. Sehemu kubwa ilikuwa pesa ya Marekani, kupitia taasisi yao ya afya, NIH. Mei 2025 NIH ikatangaza inasimamisha ule mtindo wa kupitisha ruzuku kwa taasisi za nje kupitia vyuo vya kwao. Hiyo ni pesa yao, haki yao. Sisi tuna sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013 inayosema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti kila mwaka. Hatujawahi kufika. Na hata ile kidogo iliyopo, mtu kama Sista anaifikiaje? Aliandika kurasa mbili akapeleka mahali, sitapataja. Akaambiwa anahitaji mtafiti mkuu mwenye shahada ya uzamifu, na kwamba watu sitini ni wachache mno.

Alinionyesha bajeti. HbA1c mara mbili kwa watu sitini, elfu mia na themanini. Stripi, elfu hamsini na saba na ushei. Mtu wa kuingiza data miezi sita, elfu tisini. Zilizobaki ni kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, kredo ya kupigia waliokosa, na chai. Jumla laki tatu na themanini. Nimefanya matangazo ya sabuni na watu waliotumia zaidi ya hiyo kwa video mbili.

Najua kuna mtu ataandika: utafiti wa nini na dawa zenyewe hazipo? Nakuelewa, mama amerudi nyumbani bila metifomini mara nyingi. Lakini angalia vile tunafanya. Mwaka 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja, na kwenye mikoba yao kuna mashine ya kupima sukari. Poa sana, nawapenda. Wanakupima mlangoni, wanakuta iko juu, wanakutuma wapi? Kwa ile Jumanne. Kwa zile dakika nne. Ozempic ikishuka bei kesho, nani atakufuatilia ukiidunga, kwa hizohizo dakika nne? Tunaongeza watu kwa mlango wa chumba ambacho hakuna mtu amewahi kupewa pesa ya kuuliza kama kinafanya kazi.

Kaunti zote 47 zina mtu kama Sista, mimi nina uhakika. Yule wa kujaribu kitu Alhamisi jioni kwa benchi la chanjo. Nataka kila kaunti iwe na mfuko mdogo wa hao, laki tatu, laki nne, fomu ya kurasa mbili, chuo kilicho karibu kisaidie hesabu. Na mtu akiwa katikati ya jaribio asihamishwe kabla halijaisha. Hiyo ya mwisho ni bure kabisa.

Sista yuko kaunti nyingine sasa. Wiki jana alinitumia picha ya benchi, watu wanane, na kauntabuku mpya. Ameniomba nimtengenezee fomu ya kujaza kwa simu, bila majina, namba tu, ili safari hii isibaki kwa droo. Nimefika swali la kumi na moja: "Ulikosa kwa sababu gani?" Alinirudishia akisema niweke nafasi kubwa zaidi hapo.

Mama ana kliniki Jumanne hii. Kipimo cha mwisho kilikuwa 9.2. Amesema haendi, ana oda ya chapati sitini za matanga.