Alama Nyekundu

Mama alimfikisha mwanawe wa miaka 14 kwenye ua wa kanisa, jijini Nairobi. Kijana aliitamani kwaya, walikokuwa wenzake wa shuleni. Kundi la pili lilikuwa Boys' Brigade, chama kilichoasisiwa Glasgow mwaka 1883. Na sare, si siri, huwapumbaza wazazi wengi. Mama huyu hakuuliza habari za sare wala nyimbo. Aliuliza ni nani huwasindikiza watoto giza likiingia. Mlezi wa kwaya alicheka: kila mmoja aijua njia ya kwao. Yule wa brigedi alifungua daftari la mahudhurio. Jina moja lilikuwa na alama nyekundu.

"Huyu hajaonekana Jumapili mbili, mama. Kesho nitakwenda kwao."

Mama akaomba kalamu. Kijana akageuza uso, akisikiliza kinanda.