Magofu ya Upande wa Pili

Jioni moja hapa Buguruni, mjukuu wangu aliniletea kitabu chenye picha ya magofu ya kanisa la Kyaka. "Babu, askari hupigana na askari. Kanisa lilikosa nini?"

Nilikuwa mwalimu kijana majeshi ya Nduli Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978. Baadaye, kwa miaka mingi, niliwafundisha wanachuo wa ualimu kwamba adui hakujali hata nyumba ya ibada. Nilisema kweli, lakini nusu yake. Februari 1979 majeshi yetu yaliteka Masaka na Mbarara, na sehemu kubwa ya miji hiyo ikabomolewa kulipiza kisasi cha Kagera. Nilijua, nikanyamaza. Niliona kulisema ni kuisaliti nchi.

Mkataba wa Hague wa 1954 unakataza kulipiza kisasi juu ya mali za utamaduni. Si kila nyumba ya mjini ni mali ya namna hiyo, lakini fundisho ni lile lile: kosa la jirani si kibali changu. Vita vyetu vilikuwa vya haki. Naamini hivyo hadi leo. Ila mwenye haki naye ana mipaka.

Basi nikamweleza mjukuu habari za Masaka. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na picha yake iko wapi?"

Nikatazama vitabu vyangu vyote rafuni. Haikuwamo hata moja.