Punje ya Kahawa Tumboni

Yako maswali ambayo mtoto hamwulizi baba yake. Mimi nilizaliwa Muhutwe, wilayani Muleba, katika nyumba ambayo mzee alisalimiwa kwa unyenyekevu na mambo ya chooni hayakutajwa mbele yake. Swali moja la namna hiyo nilishindwa kulitamka usiku mmoja wa mwaka 1994, nalo nusura linipotezee baba.

Baba alikuwa na miaka 68. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba tumbo linajaa. Lilivimba siku moja au mbili, kisha likanywea lenyewe. Sisi watoto tulikuwa na jibu letu: ni gesi tu. Kwani mtu anayekula ndizi na maharage kila siku ategemee nini? Tulimpa maji ya magadi, naye akanywa, akarudi kukaa barazani na kahawa zake za kutafuna.

Siku hiyo tumbo liliwamba kama ngoma, upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine. Usiku mke wangu aliniuliza taratibu, "Baba amekwenda haja lini mara ya mwisho? Na hewa, inatoka?" Nilimkemea. Swali gani hilo la kumwuliza mkwe? Tukalala. Alfajiri baba alianza kutapika. Tukamlaza nyuma ya gari ya kuazima tukashika njia ya Bukoba, ambayo wakati ule ilikuwa ya vumbi na makorongo. Kila gari liliporuka, alifumba macho bila kusema neno.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, labda mdogo kwangu. Aliinama kando ya kitanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Niwie radhi kwa swali hili. Hujajamba tangu lini?"

Mimi niliangalia sakafu. Baba akajibu kwa utulivu, "Tangu juzi jioni." Kisha akaongeza, "Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Maneno hayo sijayasahau hadi leo.

Alipelekwa kupigwa eksirei ya tumbo, moja amelala na nyingine ameshikiliwa wima. Filamu zilitoka chumba cha giza zikiwa bado na maji. Daktari alizitundika mbele ya taa akaniita. Aliniambia kwamba katika picha ile mfupa huonekana mweupe, nyama na maji huwa kijivu, na hewa huwa nyeusi. Hewa haikosekani tumboni mwa mtu yeyote. Tunaimeza tukila na tukizungumza, na nyingine hutengenezwa na vijidudu vya utumbo mpana vinapochachusha chakula. Daktari hatafuti kama gesi ipo, bali hutazama imekaa wapi, imeutanua utumbo kiasi gani, na kwa nini haiendi mbele. Kwa kawaida utumbo mwembamba hauzidi sentimita 3 kwa upana, na utumbo mpana hauzidi 6, isipokuwa pale unapoanzia, ambapo hufika 9. Picha ya wima huonyesha hewa ikielea juu ya maji kwa mstari ulionyooka, dalili kwamba njia huenda imeziba. Na hewa ikionekana chini ya kiwambo cha kifua, nje ya utumbo, basi huenda utumbo umetoboka.

"Sasa angalia hapa," alisema. "Unaona nini?"

Niliona kitu cheusi kikubwa kimejaza tumbo lote, kimejikunja pande mbili, na katikati kuna mfuo mweupe.

"Kahawa," nilisema.

Alicheka kidogo. Kumbe ndivyo madaktari wa dunia nzima wanavyoiita dalili hiyo: punje ya kahawa. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ile iliyopinda kama herufi S, ilikuwa ndefu mno na imejisokota kwenye shina lake. Mfuo ule ulikuwa kuta mbili zilizobanana. Miaka yote ile tuliyosema ni gesi tu, huenda utumbo ulikuwa ukijisokota na kujisokotoa. Safari hii ulikataa kujisokotoa, na ukicheleweshwa hukosa damu ukaoza.

Walimpitishia mpira kwa njia ya haja kubwa. Hewa na maji vilitoka kwa kishindo, wodi nzima ikasikia, wala hakuna aliyecheka. Siku chache baadaye alipasuliwa, sehemu ile ikakatwa, kwa sababu bila hivyo ugonjwa hurudi mara nyingi. Aliishi miaka 11 mingine.

Miaka ya karibuni tumbo langu nami limeanza kujaa. Nilikwenda hospitali nikadai eksirei, nikikumbuka iliyomwokoa baba. Daktari alinipima, akaniuliza maswali yote yale ya aibu, nikayajibu yote. Kisha akakataa. Alisema watu wengi wanaojisikia wamejaa hawana gesi nyingi kuliko wengine. Tatizo ni utumbo wenye wepesi wa kuhisi. Picha haipimi hisia, na mionzi yake ya tumbo ni mingi kuliko ya picha ya kifua. Anayehitaji kukimbizwa ni yule ambaye tumbo limewamba, anatapika, na choo na hewa vimefunga.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwaka 1895 Mjerumani Röntgen aligundua mionzi inayopenya mwilini, na mwanga wake ulifika hata kwetu Kagera. Lakini baba yangu hakuhitaji mwanga ule usiku wa kwanza. Alihitaji swali moja, la mwanawe, nami nililiona zito kuliko ugonjwa wenyewe. Siku hizi wajukuu wangu wakishika tumbo nawauliza bila kuzunguka. Wao hucheka, lakini hujibu.