Hedhi Ikikoma Mapema, Tuitunze Mifupa

Akina mama wenzetu, wapo miongoni mwetu ambao siku zao zimekoma kabla ya wakati. Wanawake wengi hukoma wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 45, imekoma mapema. Kabla ya miaka 40, ni mapema mno. Sisi watatu tulioandika ukurasa huu tulikoma tukiwa na miaka 37, 41 na 43. Mmoja wetu aliondolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji. Mwingine alitibiwa saratani ya titi kwa dawa kali. Wa tatu, sababu haikujulikana hata baada ya vipimo.

Jambo lililotuuma kwanza halikuwa mifupa. Lilikuwa maneno. Mwanamke akikoma mapema husemwa kwamba amekwisha, na mawifi huanza kuhesabu watoto aliowazaa. Joto la ghafla na kukosa usingizi tulivizungumza kwa kunong'ona. Mifupa haikutajwa na mtu yeyote, kwa sababu mifupa inapodhoofika haiumi.

Ndipo mwenzetu mmoja alipoteleza sakafuni akifua, akavunjika mkono karibu na kiganja. Alikuwa na miaka 44. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo, na daktari akashtuka. Alimweleza, naye akatueleza sisi, kwamba mifupa ya mtu hubomolewa na kujengwa upya maisha yake yote. Homoni ya estrojeni huzuia ubomoaji usizidi ujenzi. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hupungua sana, na katika miaka michache ya kwanza mifupa hupoteza uzito upesi. Anayekoma akiwa na miaka 38 huishi miaka mingi zaidi bila kinga hiyo kuliko anayekoma na 51. Baadaye huvunjika kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo au nyonga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tunazibaje ufa? Tulianza jikoni. Mwanamke wa hali yetu huhitaji kalsiamu kiasi cha miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Glasi moja ya maziwa au mtindi ina kama miligramu 300. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni hazina, tena bei yao twaimudu. Sukuma wiki pia husaidia. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini una asidi inayoizuia kalsiamu isiingie mwilini vizuri. Mwili huhitaji pia vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua; anayeshinda ndani kutwa amwulize mganga wake.

Pili, mifupa hupenda kazi. Kutembea kwa haraka na kupanda mlima huiimarisha. Lakini ambaye mgongo wake umekwisha kudhoofika asiiname kuinua ndoo nzito. Achuchumae, au aombe msaada. Tumbaku na pombe nyingi hudhuru mifupa.

Tatu, chakula na mazoezi peke yake havichukui nafasi ya homoni iliyopotea mapema. Madaktari huwashauri wengi wetu kutumia dawa za homoni hadi umri wa kawaida wa kukoma, yaani miaka 50 hivi. Mwenye mfuko wa uzazi hupewa homoni mbili, ili estrojeni isiudhuru mfuko huo. Wengi wanaziogopa dawa hizi kwa sababu ya habari za utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002. Utafiti ule ulihusu wanawake wa miaka 50 hadi 79, si wa miaka 38. Hata hivyo si za kila mtu. Mwenzetu aliyeugua saratani ya titi hakupewa. Yeye ana kidonge cha mifupa. Hukimeza asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha hukaa wima nusu saa bila kulala, kisije kikaunguza koo.

Dada, ukiwa hujafika miaka 45 na hedhi ikakosekana miezi mitatu, nenda kliniki. Huenda ni mimba, huenda ni ugonjwa mwingine, huenda ni jambo hili. Ukiweza, nenda na mumeo. Waume zetu waliposikia maelezo kutoka kwa daktari, mmoja wao ndiye aliyewanyamazisha dada zake.

Tena tuwaangalie binti zetu. Mifupa hujengwa hasa ujanani, kabla ya kufikia miaka 30 hivi. Binti anywe maziwa na ale dagaa sasa, acheze na kukimbia. Hiyo ni akiba ambayo ataitumia siku ambayo haijui bado.